Kihisi kipi uanze nacho: cha oksidi ya bati, cha elektrokemia au cha mwanga?

Alhamisi moja kabla ya magharibi, mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Amu, kisiwani Lamu, alimtuma mjukuu wake aje kuniita mbio. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemfungia king'ora cha gesi jikoni. Mtungi ulikuwa mzima, hauvuji. Ila mama alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akaanza kufukiza nguo za maulidi, na king'ora kikalia mpaka majirani wakatoka madakani kuuliza kuna nini. Nilipofika nilikikuta kimefunikwa kwa kanga mbili.

"Mwanangu, ndoo utwae dude lako," akaniambia. "Udi si gesi."

Mama alikuwa na haki. Na kihisi nacho, ukitazama vizuri, hakikukosa: kilipata mvuke wa kitu kinachoungua, kikapiga kelele, ndiyo kazi yake. Aliyekosa ni mimi, niliyekichagua kwa bei na kwa maelezo ya karatasi, nisijiulize nyumba ile hunukia nini siku ya Alhamisi.

Tangu hapo vijana wengi wamepita karakanani na swali hilohilo: watumie kihisi gani? Wawili wa mwisho, wasichana wa kidato cha tatu wenye mradi wa maonyesho ya sayansi, walitaka king'ora cha gesi ya kupikia na pia kifaa cha kunusa pumzi ya mgonjwa wa kisukari, na kihisi kimoja kifanye kazi zote mbili, kwa sababu "yote ni hewa, maalim". Hao ndio walionifanya nikae niandike. (Karakanani tunasema sensa. Lakini ukimwambia mzee wa hapa kwamba umemwekea sensa nyumbani, atakuuliza serikali inahesabu watu tena? Basi nasema kihisi.)

Njia za kuhisi kemikali ni nyingi, ila anayeanza kwa pesa zake mwenyewe hukwama kati ya tatu: oksidi ya bati inayopashwa moto, seli ya elektrokemia, na mwanga. Zote tatu zimo kwenye ving'ora vya gesi, na zote zimejaribiwa kwenye kazi za tiba. Hakuna iliyo bora kila mahali, na anayekuambia ipo basi huenda anaiuza.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

La kwanza ni kiasi. Gesi ya kupikia ni propani na butani. Propani ikifika asilimia 2.1 ya hewa inaweza kushika moto; butani yatosha asilimia 1.8. King'ora kizuri hulia mapema zaidi, tuseme kwenye moja ya kumi ya hapo, yaani kama sehemu 2,000 kwa milioni. Asetoni katika pumzi ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haifiki hata sehemu 1 kwa milioni. Kati ya kazi hizi mbili pana tofauti ya mara elfu mbili. Sikio linalosikia vugo kutoka mtaa wa pili si lazima lisikie mbu.

La pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: kitu gani kingine kitakigusa? Kihisi hakikwambii kimenusa nini. Kinakupa namba. Jina la gesi umelitia wewe, siku ulipokinunua.

La tatu ni hewa ya pwani. Karatasi za vihisi vingi vya bei rahisi huandikwa kwa vipimo vya nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Hapa kwetu, alfajiri ya masika, shati uliloanika jana bado bichi, na chumvi imekaa juu ya kila kitu cha chuma.

La nne ni umeme, nalo ni hesabu tu. La tano ni kusawazisha. Kila kihisi hupotea polepole, kama saa ya ukutani inayochelewa dakika kwa mwezi. Nani atakirudisha kwenye mstari, na kwa kitu gani? Kisiwani hakuna duka la mitungi ya gesi ya kupimia. Kila kitu hupanda basi mpaka Mokowe, kisha mashua.

Bei sikuiweka kuwa swali. Imo ndani ya hayo matano, na mara nyingi bei ya kihisi chenyewe ni sehemu ndogo ya gharama.

Oksidi ya bati

Punje za oksidi ya bati hupashwa moto kwa hita ndogo, nyuzi 200 hadi 400. Oksijeni ya hewani hujishika juu ya punje na kuzinyang'anya elektroni, basi umeme hupita kwa taabu. Ikija gesi inayoungua, huungana na ile oksijeni, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka. Unachosoma kwenye waya ni huo mshuko, basi. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliiombea hataza njia hii mwaka 1962. Vile vya familia ya MQ tunavyoletewa kutoka Nairobi ni kama wajukuu wa kazi hiyo, na vingi nimevinunua chini ya shilingi 500.

*Kiasi na vinavyokidanganya.* Kwa maelfu ya sehemu kwa milioni, hiki ni hodari. MQ-6 na gesi ya kupikia wanaelewana. Taabu ni kwamba kinaelewana na kila mtu: moshi wa udi, marashi yenye spiriti, petroli ya mashua, thina ya rangi, hata kitunguu kikiungua. Unaweza kukipunguzia umbea. Kuna aina zinazokuja na kichujio cha mkaa maalumu mdomoni, kinachozuia mvuke wa spiriti na kupitisha gesi. Joto la hita nalo hubadilisha kile kinachosikika zaidi. Mfano ni MQ-7, kilichotengenezewa kaboni monoksaidi: hita inatakiwa iende volti 5 kwa sekunde 60 ili uchafu uungue, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, na usome mwishoni mwa kile kipindi cha baridi. Nimefungua miradi isiyopungua kumi ambayo MQ-7 imeunganishwa volti 5 moja kwa moja, mchana na usiku, na mwenyewe analalamika namba hazina maana. Haziwezi kuwa na maana.

*Hewa ya pwani na umeme.* Mvuke wa maji wenyewe hushusha ukinzani, kwa hiyo kihisi ulichokipima adhuhuri ya kaskazi kitakupa namba nyingine alfajiri ya masika bila gesi yoyote kuvuja. Weka kando yake kihisi kidogo cha unyevu na joto, programu irekebishe. Chumvi haili punje, inakula miguu ya waya. Lakini adui ambaye sikumjua ni mwingine. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza visanduku sita vya mashuani, nikaviziba kwa silikoni ya dukani, ile ya kuzibia sinki, ili maji yasiingie. Ndani ya wiki vyote vilikufa ganzi. Unakiwekea kiberiti cha gesi puani, kimya. Mvuke wa silikoni huungua juu ya punje za moto na kuacha tabaka la silika, kama kioo chembamba, na kihisi hakirudi tena. Siku hizi naziba kwa gundi ya epoksi, naiacha ikauke kabisa kabla ya kutia kihisi ndani.

Umeme kinaula. Hita ya MQ ya kawaida inakula karibu robo tatu ya wati au zaidi, saa zote. Kwa siku nzima ni kama watisaa 18 au 20. Betri ya sola ya volti 12 na ampiasaa 7 ina watisaa 84 ikiwa mpya, basi siku nne imekauka, na hujawasha hata taa.

*Kusawazisha.* Kiwashe siku moja au mbili kabla ya kukiamini. Kupata namba sahihi ni kazi ngumu, lakini kujua kwamba bado kiko hai ni rahisi: kiberiti cha gesi kisichowashwa kina butani ndani yake.

*Upande wa tiba.* Hapa ndipo wale wasichana walipotaka kwenda. Asetoni hupanda katika pumzi mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, na kwa mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hupanda sana. Watafiti wa ETH Zurich walionyesha mwaka 2010 kwamba oksidi ya tungsteni iliyotiwa kidogo silikoni ya elementi (silicon, si ile ya kuzibia sinki) inaweza kuipata asetoni chini ya sehemu 1 kwa milioni hata kwenye unyevu mkubwa. Mlango upo, basi, lakini si kwa MQ-135 ya mia tatu: pumzi hutoka na unyevu unaokaribia asilimia 100, na huo peke yake utakisukuma kihisi kuliko asetoni yote iliyomo.

Na hata ukiwa na kihisi bora, swali la pili linakusubiri mlangoni. Niliwauliza: mtamjaribu nani, na lini? Wakasema mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata ulikuwa Ramadhani. Mtu mzima wa afya, aliyekula daku na kukaa mpaka alasiri bila kitu, mwili wake nao umeanza kuchoma mafuta, na asetoni imepanda kidogo. Kifaa chao kingewatia ugonjwa nusu ya msikiti.

*Chamfaa nani.* Mwenye umeme wa uhakika, anayetaka kujua "pana gesi au hapana" na si "ni ngapi", na aliye tayari kuandika programu ya kurekebisha unyevu. Humfaa pia mwanafunzi, kwa sababu hakuna kihisi kinachofundisha haraka namna hiki kinavyodanganyika.

Elektrokemia

Hii haina moto. Kuna utando unaopitisha gesi, elektrodi tatu, na elektrolaiti, majimaji yanayopitisha umeme, ambayo mara nyingi ni asidi ya salfa. Kaboni monoksaidi ikifika kwenye elektrodi ya kazi hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, elektroni zinatoka, mkondo mdogo unapita. Raha yake ni kwamba gesi ikiwa mara mbili, mkondo nao ni mara mbili.

*Kiasi na vinavyokidanganya.* Husoma sehemu kumi, ishirini kwa milioni bila wasiwasi, ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya kaboni monoksaidi, EN 50291, kinaweza kudai mambo ya undani hivi: kwenye sehemu 50 kilie kati ya dakika 60 na 90, kwenye 100 kati ya dakika 10 na 40, kwenye 300 kabla ya dakika 3. Hii ni gesi isiyo na harufu, na himoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, jenereta ndani ya chumba kilichofungwa: hiki ndicho kihisi chake.

Lakini gesi ya kupikia hakiioni. Propani na butani hazigeuki kwenye elektrodi hizi katika joto la kawaida. Nimeona mtu amenunua king'ora cha kaboni monoksaidi kizuri, cha bei, akakitundika juu ya mtungi, akalala raha mustarehe.

Chenyewe hudanganywa na haidrojeni, na hii ni habari ya kwetu hasa, kwa sababu nyumba nyingi zina betri za sola za asidi chini ya ngazi. Betri ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na king'ora cha kaboni monoksaidi kilicho karibu hulia bila hata kaa moja kuwaka. Ukikutana na hali hiyo usikilaumu. Kwanza toa watu nje, kisha kaitazame betri.

Kuna pia aina ya haidrojeni salfaidi, gesi ya mashimo ya vyoo na ya samaki waliooza ngamani, chini kabisa mwa chombo. Hunuka yai bovu, ila inapofika sehemu kama 100 kwa milioni pua hufa ganzi, na mtu huhisi harufu imekwisha kumbe ndiyo imezidi. Anayeshuka shimoni kwa kutegemea pua anategemea kitu kitakachomwacha mkono wakati mbaya kuliko wote. Kwa kazi hii sioni mjadala: elektrokemia.

*Hewa ya pwani na umeme.* Umeme karibu hakili. Betri ndogo hukaa miezi, na ving'ora vya dukani hukaa miaka. Unyevu ndio neno. Asidi hunywa maji ya hewani, na unyevu mkali wa muda mrefu unaweza kuijaza seli mpaka ivuje. Kwenye ukame mwingi hukauka, ila hilo si la Amu.

*Kusawazisha.* Seli huzeeka hata ikiwa kwenye kabati. Za viwandani hupewa miaka miwili, mitatu. Za ving'ora vya nyumbani mara nyingi miaka 5 hadi 10. Usinunue kumi uweke akiba. Bei yake ni ya maelfu, na bodi ya kukuza ule mkondo mdogo nayo ina gharama.

*Upande wa tiba.* Hapa elektrokemia ndiyo mwenye nyumba. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, huko Birmingham, Alabama, Marekani, waliweka kimeng'enya cha kuchoma sukari juu ya elektrodi, na mashine ndogo ya kupimia sukari iliyo mkobani mwa bibi yako imetokana na wazo hilo. Tone la damu linaingia kwenye stripu, kimeng'enya kinaitambua glukosi peke yake kati ya maelfu ya vitu vilivyomo damuni, elektroni zinabebwa mpaka kwenye elektrodi, mashine inasoma mkondo. Sekunde tano. Tazama tofauti: oksidi ya bati inamkaribisha kila mpita njia, kimeng'enya kina mlango wenye ufunguo mmoja.

Na bado kinadanganywa. Nimemwona mzee amekula halua barazani, akafuta vidole kwenye kikoi, akatoboa kidole, akapata namba ya kumpeleka hospitali. Alipoosha mikono kwa maji na sabuni, akakausha, akatoboa kidole kingine, namba ilikuwa ya kawaida yake. Kumenya embe kunafanya vivyo hivyo. Kimeng'enya hakikukosa, ile ilikuwa sukari kweli. Ilikuwa ya halua. Upungufu wa damu nao huipandisha namba, na kopo la stripu lililoachwa wazi kwenye unyevu wetu huharibika kimyakimya. Kiwango cha ISO 15197 cha mwaka 2013 chenyewe kinaruhusu kosa la asilimia 15 juu au chini pale sukari inapokuwa milimoli 5.5 kwa lita na kuendelea. Anayetaka kubuni stripu yake mwenyewe ajue analenga shabaha hiyo, na kwamba kimeng'enya hakipendi safari ya jua kutoka Mokowe.

Kwa pumzi, vihisi vya elektrokemia hupima nitriki oksaidi kwa wagonjwa wa pumu, kwa sehemu kwa bilioni. Hiyo ni kazi ya maabara yenye pesa. Nakutajia tu ujue ipo.

*Chamfaa nani.* Anayehitaji namba ya kuaminika kwa gesi moja yenye sumu, asiye na umeme mwingi, na aliye tayari kuweka tarehe ya kukitupa siku ileile anayokifunga.

Mwanga

Hapa pana ndugu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni mwanga wa infraredi: kila gesi humeza rangi yake, kaboni dayoksaidi kwenye mikromita 4.26, methani na jamaa zake karibu na 3.3. Unatuma mwanga upande huu, unapima uliobaki upande ule. Wa pili ni rangi: karatasi au stripu inayobadilika mbele ya macho yako.

*Kiasi na vinavyokidanganya.* Cha infraredi hakiuawi na silikoni, hakihitaji oksijeni, na ni kigumu kukidanganya kwa marashi kama kimefungwa kwenye rangi ya kaboni dayoksaidi. Kwenye rangi ya 3.3 hukusanya gesi nyingi za mafuta pamoja, na haidrojeni hakiioni kabisa. Cha rangi kinategemea kemia uliyoitia. Karatasi ya risasi asetati hugeuka nyeusi kwa haidrojeni salfaidi, na mafundi wa fedha wa hapa wanajua bangili husawijika kwa gesi hiyohiyo bila kulipia karatasi yoyote.

*Hewa ya pwani na umeme.* Ukungu ukituama kwenye kioo, infraredi inaona gesi isiyokuwepo. Umeme wake ni wa katikati, bei yake ni ya juu. Karatasi ya rangi haitaki umeme, inataka kopo kavu.

*Kusawazisha.* Moduli za kaboni dayoksaidi unaweza kuzitoa nje barazani, penye upepo wa baharini, ukazirudisha kwenye hewa safi, ambayo siku hizi ina zaidi kidogo ya sehemu 420 kwa milioni. Ndicho kihisi pekee kati ya hivi ambacho bahari yenyewe inakusawazishia.

*Upande wa tiba.* Chumba cha upasuaji hufuata pumzi ya mgonjwa kwa infraredi ya kaboni dayoksaidi. Kipimo cha pumzi cha bakteria wa vidonda vya tumbo hutumia kaboni 13: mgonjwa anakunywa urea iliyotiwa alama, na kama bakteria wapo, kaboni hiyo hutoka kwa pumzi.

Lakini mfano ulio karibu nasi ni kipimo cha haraka cha malaria. Tone la damu hutembea kwenye kitepe, linakutana na kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu, na mstari mwekundu unatokea. Hakuna betri wala mashine. Ila kipimo kinachotafuta protini ya HRP2 kinaweza kubaki na mstari wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu protini hukawia damuni baada ya vimelea kufa. Mstari hafifu nao ni mstari. Mwenye macho mazima kwenye mwanga wa jua atauona, mwenye kurunzi usiku huenda asiuone. Hapo ndipo pana kazi ya kijana wa leo: kisomaji cha simu, kisanduku cheusi chenye taa yake, kamera inayopima wekundu. Kemia tayari ipo, wewe unabuni jicho.

Na mwanga nao usiuabudu. Kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni hupima rangi ya damu, na himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi ina rangi inayofanana sana na iliyoshikwa na oksijeni. Mtu aliyelala na jiko la makaa anaweza kuonyesha 98 huku anakufa.

*Chamfaa nani.* Wa infraredi ni wa mwenye fedha, anayetaka kifaa kikae miaka bila kuguswa kila mara. Wa rangi ni wa zahanati isiyo na umeme, na wa mwanafunzi anayejua kamera kuliko kemia.

(Kuna cha nne, shanga mbili: moja ina kichocheo kinachochoma gesi, nyingine ni ya kulinganishia joto. Ni kizuri kwa gesi zinazolipuka, migodini na viwandani wanakijua, lakini hufa kwa silikoni kama oksidi ya bati, na hakifanyi kazi pasipo oksijeni ya kutosha. Sijapata sababu ya kukifunga hapa.)

Ukiwa na kazi hii au ile

Jiko la gesi kwenye jumba la mawe. Majumba mengi ya zamani jiko liko juu kabisa, karibu na paa, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haitakusanyika jikoni ingoje. Itateremka ngazi kama maji mpaka ilipolala familia. Oksidi ya bati yenye kichujio inatosha, ifungwe usawa wa muundi karibu na kichwa cha ngazi, iwe na umeme wa stima na betri ya kushikiza.

Chumba chenye makaa au jenereta: elektrokemia ya kaboni monoksaidi, mbali na betri za sola. Kama nyumba ina hatari zote mbili, ni vihisi viwili. Sijaona kimoja kinachozifanya zote vizuri kwa bei ambayo mtu wa hapa ataitoa.

Shimo au ngama ya chombo: elektrokemia ya haidrojeni salfaidi, pamoja na ya oksijeni, ishushwe kwa kamba kabla ya mtu.

Mradi wa shule wa miezi mitatu: oksidi ya bati kwa upande wa gesi, kisomaji cha rangi kwa upande wa tiba. Vyote viwili vinakupa matokeo ya kuonyesha, na vyote viwili vinakupa makosa ya kueleza.

Kifaa cha tiba cha kuuza kweli: hapo kihisi ni robo ya safari. Chochote kitakachomwambia mtu ana ugonjwa au hana kinaingia mikononi mwa Bodi ya Dawa na Sumu, na utafiti wenyewe unataka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya kamati ya maadili kabla ya kumpulizisha mtu hata pumzi moja. Anayeanza na stripu za sukari anashindana na viwanda vikubwa. Anayeanza na kisomaji cha stripu zilizopo ana nafasi zaidi.

Wale wasichana wawili waligawana. Mmoja alibaki na gesi. Mwingine aliacha pumzi, akachukua vijiti vya mkojo vinavyoonyesha ketoni, jamaa za asetoni, kwa rangi, akatengeneza kisanduku cha kuvisoma kwa simu kutoka kwa bati la biskuti alilolipaka rangi nyeusi ndani. Rangi za mezani amezipima. Watu bado, anangoja kibali.

Na mama wa udi? Nilirudi na kihisi chenye kichujio, lakini kilichosaidia zaidi ni kukishusha. Mwanzo nilikuwa nimekifunga juu ya rafu, mahali moshi wa chetezo unapopanda na gesi isipofika kamwe. Sasa kiko chini karibu na ngazi, nacho kinangoja sekunde 20 kabla ya kulia. Kila Alhamisi, kabla hajawasha makaa, mama anainama na kiberiti cha gesi, anakibonyeza bila kukiwasha mbele ya kihisi, anahesabu kwa sauti. Kikilia, anafungua madirisha, anangoja kidogo, ndipo anapanga udi wake.